Jina Nililolibandua

Jambo hili lote lilinigharimu vijitu vitano vya chuma, stika tano za bei na fundi simu mmoja. Thamani ya vijitu na stika naweza kuitaja hata ukiniamsha usingizini. Huyo wa tatu bado namkadiria, na kila nikimkadiria anapanda.

Nauza mitumba sokoni Same, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Kwetu ni Maore, kule bondeni chini ya Gonja, lakini maisha yangu yako hapa kandokando ya lami, ambapo basi linasimama dakika chache na abiria ana dakika hizo hizo za kukubali bei. Ukiishi hivyo unajifunza kuhesabu haraka. Ukishaibiwa unajifunza kuhesabu mara mbili. Mimi niliibiwa mapema.

Belo la vidoli lilinijia kwa makosa. Niliagiza mashuka kutoka Dar, nikafungua nikakuta magari yasiyo na magurudumu na wanasesere wenye vipara. Watu husema Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Nilipiga hesabu ya nauli, nikamsamehe kuku. Chini kabisa ya belo kulikuwa na sanduku la plastiki, lile la mafundi kuwekea spana. Ndani yake, kwenye sponji iliyokatwa vishimo, walikuwa wamelala askari wa urefu wa kidole gumba. Wengine walikuwa wa chuma, wengine wa plastiki. Walivaa mavazi mazito kama matangi ya maji na kushika bunduki ndefu kuliko wao. Kulikuwa na mashine zenye miguu, na mnyama mmoja ambaye mpaka leo sijui mbele yake ni wapi. Nilihesabu nikapata mia mbili na kumi na nne. Nikarudia, nikapata mia mbili na kumi na mbili. Wale wawili waliozidi walikuwa miguu iliyokatika, niliyoihesabu kama watu.

Nikawapanga mbele pamoja na wanasesere. Mama mmoja akaokota kijitu kimoja cha chuma, akakigeuza.

"Hiki cha mganga gani?"

"Cha mtoto, mama. Kizuri hicho, chuma."

"Mtoto gani acheze na hiki? Hiki ndicho kitacheza na mtoto."

Akakirudisha na kunawa mkono kwa maji ya chupa yake. Wiki tatu sikuuza hata mmoja.

Aliyewataka alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya njia, fundi simu, hatua ishirini kutoka kwangu. Alikuwa mtu wa Ugweno, miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye ile lenzi yao ya jichoni ambayo alisahau kuivua hata akienda kununua maandazi. Alimtazama askari mmoja kwa lenzi, akatazama kitabu kilichokuwa chini ya sponji, kurasa mia na ushee za Kiingereza. Akakaa nacho siku mbili.

"Tajiri, huu ni mchezo," aliniambia. Wateja wote wananiita Tajiri wakitaka kupunguziwa, lakini yeye alinizoea hivyo bure.

"Mchezo gani una kitabu?"

"Kama drafti. Ila hapa kila kete ina bunduki yake, na kila bunduki ina sheria yake. Vita vya huko mbele, miaka elfu ijayo, kwenye nyota."

"Na anashinda nani?"

"Anayebaki na watu."

Nikatoa mlango wa zamani wa mninga uliokuwa stoo, nikaulaza juu ya mapipa mawili nyuma ya kibanda. Milima tulijenga kwa mawe na visiki vya mkonge. Majengo yalikuwa makopo ya maziwa. Tukapima hatua za askari kwa futikamba na kurusha dadu, kila Jumapili saa tisa, yeye akishatoka kanisani nami nikishakula. Jumapili sokoni hapana biashara ya maana, upepo tu na vumbi.

Mchezaji wa tatu alikuja kwa ajili ya sweta. Ni mwalimu mstaafu, mama aliyefundisha Kiswahili shule za msingi mpaka akapewa cheti na saa ya ukutani. Hununua sweta kuukuu, akazifumua, akafuma upya. Siku hiyo alitukuta tumeinamia mlango tukitaja majina ya kitabuni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mnasoma nini kama mmeng'atwa ulimi?"

Fundi akamwonyesha. Jina la bunduki moja peke yake lilikuwa maneno manne. Ukimaliza kulitamka, adui ameshahama.

"Na nyie mnapigana hivyo?" aliuliza. "Kwa jina usilolijua unaweza kumpiga nani?" Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Hakuondoka mpaka saa kumi na mbili, na sweta alisahau kulipia. Nilimkumbusha.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kubadilisha majina. Askari wa mavazi mazito tukawaita Mabati. Mashine ndefu ya miguu miwili ikawa Korongo. Wale wenye pikipiki zinazoelea hewani wakawa Bodaboda, na Fundi akapendekeza sheria kwamba wakipinduka wasidai kuwa ni kosa la mwenye gari. Kulikuwa na bunduki kubwa yenye nguvu kupita zote, lakini dadu ikianguka moja inalipuka na kumuua mwenye kuishika. Hiyo tuliipa jina la Mtungi, kama ule wa gesi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kamanda, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama nyuma na kunyoosha kidole, Mwalimu alimwita Mtendaji. Wale wa kutibu majeruhi aliwaita Zahanati, kwa sababu kitabu kilisema nusu ya wakati hawana dawa.

Mimi nilishika daftari la majina. Upande wa kushoto niliandika la kitabu, upande wa kulia letu. Kisha kila jina tuliliandika kwenye stika ndogo, zile ninazobandikia bei mashati, tukaibandika chini ya kitako cha askari. Mwalimu akaweka utaratibu mmoja tu. Jina haliingii daftarini wala halitoki mpaka watatu tumekaa.

"La sivyo," alisema, "kila mtu atakuja na jina la shemeji yake aliyemuudhi."

Mwalimu alikuwa mchezaji katili. Alikuwa anaua huku anafuma. Akishaondoa kikosi kizima mezani anahesabu mishono. Nilipomlalamikia alisema amefundisha darasa la wanafunzi tisini kwa chaki tatu, kwa hiyo vita vya nyota havimtishi.

Zikapita Jumapili nyingi. Halafu Fundi akaja na simu mkononi. Kule walikotengeneza mchezo huu walikuwa wametoa kitabu kipya, na humo wamebadilisha majina. Vikosi vingi vimepewa majina mengine, bunduki zimeunganishwa mbili mbili chini ya jina moja, wengine wamefutwa kabisa kama hawakuwahi kuwepo.

"Kwa nini wabadilishe?" niliuliza. "Si watu wale wale?"

"Wanasema mtu mwingine asiweze kuyatumia. Jina likiwa la kawaida kila mtu anatengeneza wa kwake."

"Wafanyabiashara hao," nikasema. Niliwaelewa kuliko walivyonielewa mimi.

Mwalimu akasema kama wenyewe wamebadilisha, basi na sisi tukae. Tukapitia daftari lote upya. Mengi tuliyaacha. Tulipofika kwenye kikosi cha wachimba mahandaki, askari watano wenye sururu na taa kwenye kofia, Fundi akaweka mkono juu ya daftari.

"Hawa niachieni mimi."

Hapo inabidi niseme habari za mdogo wake.

Alikuwa na mdogo mmoja wa kiume, aliyemfuata ziwa. Huyo alikwenda machimboni kutafuta vito, akiwa ameoa mwaka uliotangulia. Mvua ikanyesha, maji yakaingia shimoni. Waliokuwa ndani baadhi walitolewa wazima, baadhi walitolewa wamekufa, na yeye hakutolewa. Hilo lingekuwa jibu, ila mpishi wa kambi alisema alimwona akipanda juu kabla ya mvua, ana begi mgongoni. Fundi alikwenda, akakaa siku kumi na mbili, akauliza kila mwenye mdomo. Alirudi na maneno ya mpishi tu.

Kwao Ugweno walingoja. Ukoo wao una utaratibu wa mtu asiyeonekana. Wakishangoja vya kutosha wanakata mgomba, wanaufunika shuka, wanauzika pale ambapo angelala yeye, na matanga yanaisha. Lakini anayeukata ni ndugu aliyezaliwa kabla yake, na anapoukata analiita jina kwa sauti, mara moja. Baada ya hapo jina liko huru, mtoto mwingine anaweza kupewa. Katekista wao hahudhurii wala hakatazi, siku hiyo huwa ana safari mahali.

Ndugu aliyezaliwa kabla yake alikuwa mmoja tu, na alikuwa amevaa lenzi hatua ishirini kutoka kwangu. Alikuwa amekataa.

"Nikishauzika halafu akaja," aliwahi kuniambia, "nitamwambia alale wapi?"

Kwa hiyo alipoweka mkono juu ya daftari tulijua. Alitaja jina la mdogo wake. Sitaliandika hapa, na mwisho mtaona kwa nini. Akataka kikosi kiitwe Kina-fulani, kwa jina hilo. Mwalimu aliacha kufuma.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mwalimu."

"Haya. Andika," akaniambia mimi. Nikaandika. Stika tano.

Tokea siku hiyo mchezo ukawa mwingine. Yeye aliwapanga wale watano mbele kabisa, mahali pasipo na jiwe wala kopo la kujifichia, usoni kwa Korongo. Zamu yangu ikifika, natazama meza nzima na kuona shabaha moja tu ya maana, na mkono unakwenda pengine. Mwalimu, aliyewahi kuniondolea Mabati kumi na mmoja bila kupepesa, naye akawa anapiga makopo. Hatukusemezana. Tulihesabu kila mmoja kivyake. Michezo kumi na miwili, na wale watano hawakuguswa.

"Mmeona?" alikuwa anasema akiwarudisha kwenye sponji, mmoja mmoja. "Watano wote. Hafi huyu."

Mara ya kwanza tulicheka naye. Mara ya nne nilikwenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Mama yake alikuja Jumatano. Sikuwa namjua. Nilimwona mwanamke mzee amejitanda khanga mpaka puani, amesimama penye mashati, hatazami shati lolote. Alikuwa na kikapu cha ndizi.

"Shikamoo mama. Karibu, kuna sweta nzito za kule kwenu kwenye baridi."

"Marahaba, baba. Umejuaje nimetoka kwenye baridi?"

"Viatu, mama. Udongo mwekundu, na hapa mvua hatujaiona."

Hakucheka. Aligeuka akatazama ng'ambo ya njia. Fundi alikuwa ameinamia simu ya mtu. Akangoja mpaka alipoinama zaidi, kisha akaingia ndani kabisa, nyuma ya mapazia ya mitumba, ambako meza ilikuwa.

"Ndiyo hii?"

"Ipi, mama?"

"Mwanangu hunipigia kila Jumapili jioni. Ananiambia, mama, leo tena katoka mzima. Siku ya kwanza nilipiga magoti jikoni. Nikaita majirani. Nikamwita mke wake na mtoto mgongoni." Akagusa mlango wa mninga kwa ncha ya kidole. "Siku ya pili nikamuuliza, katoka wapi? Akanieleza."

Nilimpa ndoo akae. Akaniambia mambo mengine ambayo Fundi hakuwahi kuyasema. Mke wa yule mdogo alijifungua mtoto wa kiume baada ya yale maji. Kama baba amekufa, mtoto anabeba jina la baba. Kama yu hai, anabeba la babu. Sasa mtoto alikuwa na miezi minne na hana jina. Kadi ya kliniki iliandikwa Mtoto, na nesi alikuwa ameuliza mara tatu. Mama alikuwa ameshauchagua mgomba, uko nyuma ya zizi, umeshazaa, na mgomba ukishazaa usipoukata unaanguka wenyewe.

"Mwambie mwanao aje kuukata, mama. Mimi ni mtu wa baki."

"Nimemwambia. Anasema mdogo wake yuko Same, mezani, hajafa. Wewe ndiye unayeandika majina?"

"Ndiyo."

"Futa."

"Tuna utaratibu, mama. Mpaka tukae watatu."

"Sisi tulikaa kumi na wanane," alisema. "Akasema hapana."

Nilijaribu kununua zile ndizi. Akaniachia chane sita na hakupokea kitu, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu ni baya kuliko kuuziwa ghali. Alipotoka alijitanda tena, akapita mbele ya kibanda cha mwanawe, na mwanawe hakuinua kichwa.

Niseme ukweli nilivyowaza. Niliona nimepata bei nafuu. Kumwambia mwanamume kwamba mdogo wake amekufa ni kazi ambayo sikujua inaanzia wapi. Kubandua stika tano ni kazi ya dakika mbili. Mama ameomba, mtoto anangoja, na wala sisemi uongo, narudisha jina la kitabuni tu. Kumwita Mwalimu tukae nilijua atasema lazima Fundi awepo, na Fundi akiwepo tumerudi pale pale. Nikasubiri Ijumaa, Fundi alipokwenda Moshi kununua vioo vya simu. Nikawatoa wale watano, nikabandua kwa ukucha, nikabandika Wachimba Mahandaki. Daftarini nikakata jina kwa mstari mmoja wa rula. Zile stika za zamani nilizibandika pamoja kuwa kidonge, nikakitupa. Nikahesabu vijitu vyote kabla ya kufunga. Mia mbili na kumi na mbili, mara mbili.

Jumapili Mwalimu alifika kwanza. Akawa ananisaidia kutoa askari kwenye sponji, akamwinua mmoja wa wale, akamgeuza. Akanitazama juu ya miwani. Nilidhani atasema. Akamsimamisha mezani na kuchukua sindano zake.

Fundi alipofika aliwapanga kama kawaida, mbele, peupe. Hakuwageuza. Hakuwa na haja, aliwajua kwa mikwaruzo.

Zamu yangu ilipofika mkono wangu ulikuwa mwepesi kweli, kama nilivyotarajia. Nikasema, "Mtungi, kwa wale wa mbele." Nikapima kwa futikamba. Nikarusha dadu. Zikaanguka vizuri kuliko zilivyowahi kuniangukia mwaka mzima. Watano. Kwa kawaida yetu aliyekufa analazwa ubavu kando ya kopo la dadu. Nikawalaza mmoja baada ya mwingine, na vitako vikaelekea kwake.

Alikuwa anatabasamu bado, nadhani alifikiri nimekosea kupima. Kisha akasoma.

"Hawa ni nani?"

"Wachimba Mahandaki."

"Wangu wako wapi?"

Akachukua daftari, akafungua ukurasa, akaona mstari wa rula.

"Mlikaa?"

"Sikukaa na mtu."

"Mwalimu?"

"Sikuitwa," Mwalimu alisema. "Lakini niliona kabla hujafika. Nikanyamaza. Na mimi nihesabu."

"Kwa hiyo umemtoa peke yako, Tajiri. Mimi nimekataa mbele ya ukoo mzima, wewe umemtoa kwa ukucha."

"Mama yako aliniomba."

Hilo ndilo ningelipa chochote nisiwe nimelisema. Alivua lenzi, ambayo nadhani hakujua bado ameivaa.

"Mama alikuja hapa?"

"Jumatano."

"Jumatano nilikuwepo."

"Ulikuwepo."

"Alipita mbele yangu?"

Nilitafuta jibu la katikati, maana kazi yangu ni kutafuta jibu la katikati. Halikuwepo. "Alipita," nikasema.

Aliwaokota wale watano, akawatia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akamwambia Mwalimu, "Kwaheri, Mwalimu," kwa heshima kama anavyomwambia siku zote. Mimi hakuniaga. Mchezo uliobaki mezani tuliuacha hivyo mpaka vumbi likaingia kwenye makopo.

Jumatatu kibanda chake hakikufunguliwa. Wateja wenye simu zao ndani walikuja kupiga kelele kwangu, na mimi nikawajibu kana kwamba kibanda ni changu. Utingo wa basi la asubuhi aliniambia jamaa alipanda kuelekea Moshi. Nikapata matumaini, maana kwenda kwao ni njia hiyo hiyo, unashuka Mwanga unapanda na bodaboda. Nikamuuliza alishukia wapi.

"Mwanga hakushuka. Alilala mpaka mwisho wa safari. Nilimwamsha mimi."

Kutoka Moshi, njia ya kwenda machimboni alikopotelea mdogo wake ni moja.

Baada ya wiki tatu ulikuja ujumbe kwa namba nisiyoijua. "Nimefika. Kuna mashimo mengine huku, naulizia. Msinitafute." Nilipiga, haikupokelewa. Nilipiga kesho yake, ikasema haipatikani, na ndivyo inavyosema mpaka leo. Huu ni mwezi wa tano. Nimetuma maneno kwa madereva, kwa mtu anayepeleka unga kambini, kwa kijana wa Maore anayefanya kazi upande huo. Mmoja alisema amemwona mtu mwembamba akitengeneza simu chini ya turubai. Mwingine alisema huyo wa turubai ni mtu wa Singida. Nimeshapata mpishi wangu mwenyewe.

Mwalimu bado anakuja Jumapili. Hatuchezi. Anafuma, mimi napanga mashati. Siku moja alisema, bila kuinua kichwa, "Tungepiga kura tungeshinda, wawili kwa mmoja. Kwa hiyo si kura niliyoiogopa." Sikumuuliza aliogopa nini. Nadhani ni uso wa Fundi, na mimi nilikuwa nimeogopa huo huo.

Wiki iliyopita mama yake alinipigia. Sauti ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya miezi mingi. Hakunilaumu, na nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, nimepanga majibu yote. Alisema ukoo umekaa tena. Mgomba umeanza kuinama. Mtoto sasa anatambaa na anaitikia Mtoto. Aliyepaswa kukata hayupo, na wengine waliobaki wote ni wadogo kuliko aliyepotea. Mzee mmoja wa ukoo akasema jina hilo lilikuwa limeandikwa mahali, na yupo mtu aliyelitoa, basi aliyelitoa amalizie.

"Mama, mimi si ndugu. Wala si wa kanisa lenu. Mimi ni Mwislamu wa Maore."

"Tunajua wewe ni nani."

"Na Fundi je? Akirudi?"

"Mimi nina watoto wawili ambao sijui walipo," alisema. "Nimeomba nisaidiwe mmoja. Uje Jumamosi."

Nimemuuliza Mwalimu, amesema hilo si la sarufi. Nimemuuliza imamu wangu, amesema mgomba si maiti, na kuukata hakuna dhambi, ila kuita jina la mtu aliye hai kana kwamba amekufa ni jambo la kutazamwa. Nikamwambia hatujui kama yu hai. Akasema basi ndilo la kutazamwa hasa. Ndiyo maana jina lenyewe sijaliandika hapa, nisije nikaliita kabla sijajua.

Kwa hiyo nauliza ninyi mnaosoma, hasa mliozaliwa huko milimani. Mtu wa baki anaruhusiwa kushika panga hilo? Nikiliita jina nao wakampa mtoto, kisha Fundi akaja kwenye geti la kwao akiwa peke yake, nimpokee kwa neno gani? Na akija na mdogo wake je? Nisipokwenda, yule mtoto ataanza shule akiitwa nani? Mwenye kujua anijibu kabla ya Jumamosi. Nimeshaulizia bodaboda ya kutoka Mwanga mpaka juu, na kwa mara ya kwanza sikuomba punguzo. Niambieni, nipande, au nimngoje Fundi?